Kifaranga, Aliyekaa Nje ya Geti

Zamani mfugaji alimchagua jogoo kwa jicho na kwa kumpapasa kifua. Siku hizi jogoo huchaguliwa kabla hajawa hata yai, na dada aliyeifanya kazi hiyo ndiye tunayemzika leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, katika nyumba ya mabati iliyokuwa nyuma ya mabanda ya kuku ya baba yake, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho. Nyumbani aliitwa Kifaranga. Jina hilo alilipata darasa la kwanza, siku alipoficha kifaranga mgonjwa ndani ya sweta, kikalia katikati ya somo la hesabu. Mwalimu aliuliza nani anapiga kelele. "Si mimi, mwalimu. Ni huyu, ana baridi."

Alimaliza sekondari mwaka 1986 na udaktari wa mifugo mwaka 1993. Kaka yake aliacha shule mapema, akabaki na kuku wa baba. Elimu yake aliipata kwenye magazeti ya kufungia mayai, na aliyasoma yote mpaka matangazo ya vifo.

Mwaka 1995 aliolewa na fundi umeme aliyeitwa chuoni kutengeneza mashine ya kutotolea vifaranga. Shemeji hupenda kusema, "Mashine ilipona siku ileile. Mimi ndiye sikupona."

Kuanzia mwaka 2004 marehemu alifanya kazi katika maabara ya magonjwa ya ndege. Yeye na wenzake walibadilisha sehemu ndogo ya vinasaba vya kuku, ile ambayo virusi vya mafua ya ndege huitegemea ili kuzaliana, kisha wakawaweka kuku hao chumba kimoja na kuku wagonjwa, waone nani atabaki amesimama. Kuingia humo ni kuoga, kuvua kila kitu hata pete, na kuvaa nguo za humohumo. Kutoka ni kuoga tena. Na mfanyakazi wa humo haruhusiwi kufuga kuku wala kukanyaga ua wenye kuku. Basi miaka yote hiyo alimtembelea kaka yake akikaa nje ya geti, kwenye kiti cha plastiki, kaka naye akiwa ndani. Majirani walicheka. Kaka hakucheka.

"Tumekulia humu na kinyesi cha kuku miguuni. Leo unaniona mchafu?"

"Si uchafu wako ninaouogopa, Kaka. Ni wangu."

Mwaka 2019 mafua hayo ya ndege yaliingia mtaani, yakahama banda hadi banda, kila siku yakisogea. Kaka alimngoja getini, ameshika vyuma.

"Wale wako waliobaki wamesimama. Nipe mayai yao niatamishe."

"Hawapo. Tumewaua."

"Hata waliopona?"

"Hasa waliopona. Lazima tuwapasue tuone kama virusi vimejificha. Na tulipoongeza virusi, wengine walianguka. Bado, Kaka. Siwezi kukupa kitu ambacho mwenyewe sijakiamini."

"Kwa hiyo kuku wa Baba wafe?"

Wiki hiyohiyo wakaguzi wa mifugo walikuja na magunia, na mbegu aliyoilea Baba maisha yake yote ikaishia shimoni. Kaka alifunga geti. Kile kiti akakiingiza ndani.

Mwaka 2022 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya damu. Alilazwa mwezi Novemba, akafariki asubuhi ya tarehe 7 Februari 2023. Wenzake wa maabara, ambao tunao hapa, wanaendelea na kazi yake. Kaka yake bado anaona kwamba dunia iliyomchagua jogoo kwa mkono ilikuwa na adabu zaidi, na marehemu alilijua hilo.

Ameacha mume, binti, mtoto wa kiume, mjukuu mmoja na kaka. Mola amlaze mahali pema, bila maumivu tena.

Kaka alimwona mara ya mwisho Jumapili iliyotangulia. Dawa zilikuwa zimemwondolea kinga yote, na nesi alimzuia mzee mlangoni: avue koti na viatu, anawe mpaka viwikoni, avae gauni na barakoa.

"Mzee, una mifugo nyumbani? Kuku, labda?"

"Nilikuwa nao."

Mgonjwa alisikia sauti, akageuza kichwa.

"Umeoga, Kaka?"

"Nimeoga."

"Haya, ingia."

Kulikuwa na kiti cha plastiki karibu na mlango. Alikivuta mpaka kikagusa kitanda.