Mama Dadu Ahamia Upande wa Pili wa Meza

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi na nusu alasiri, Mkuu wa Huduma kwa Wasomaji atakabidhi ufunguo wa chumba cha magazeti na kustaafu rasmi, baada ya miaka thelathini na moja katika maktaba yetu. Jina lake la kwenye orodha ya mishahara wengi hatulikumbuki. Kwetu ni Mama Dadu, na mwenyewe huitika.

Alianza mapokezi, akigonga mihuri ya tarehe kwa kasi iliyowafanya watoto wapange foleni mara mbili ili wamtazame tu. Ukimwambia unatafuta kitabu ambacho hukijui jina wala mwandishi, ila kina jalada la kijani na kuna mtu anafia kisimani, alikuletea kabla hujamaliza sentensi. Lakini hayo ni ya mkutubi yeyote hodari. Lililotuacha vinywa wazi ni meza yake ya Jumatano.

Miaka kumi na miwili iliyopita mpwa wake alimwachia sanduku la mchezo: dadu za pande nyingi na kitabu kinene cha sheria. Ni mchezo wa kusimulia mkiwa mezani. Msimulizi hueleza mahali na hatari iliyopo, wengine kila mmoja hujivika mhusika na kusema anafanya nini, na pale ambapo haijulikani kama atafanikiwa, dadu huamua. Mama Dadu alikisoma kitabu chote likizoni, akarudi na wazo la kuwachezesha watu ambao hawajawahi kucheza hata karata.

Mara ya kwanza aliboronga, tuseme ukweli. Alitusomea sheria kwa saa nzima na dakika arobaini. Mhasibu alisinzia. Dereva wa gari la vitabu alitoka kwenda kuangalia upepo wa matairi, akaingia mitini.

Jumatano iliyofuata kitabu hakikuonekana. Alitugawia kadi za katalogi zilizobaki tulipohamia kompyuta, akamuuliza kila mmoja ni kitu gani anakiweza sana na hakuna anayekiulizia. Jibu likaandikwa kwenye kadi, pamoja na jambo moja unaloliogopa. Basi, huyo ndiye mhusika wako. Mfanyausafi, ambaye kwa miaka sita tulikuwa tukimsalimia na kupita, alisema yeye akiingia chumbani anajua nani alikuwamo. Tukapelekwa kwenye jumba la mfalme aliyetoweka. Sisi wengine tulihangaika na milango. Yeye akauliza vumbi limekaaje. Mama Dadu hakumpa dadu. Alisema mtu hapimwi kwa bahati katika kazi yake ya kila siku, akamweleza viti kumi na viwili vyenye vumbi na kimoja kisicho nalo. Dakika tano baadaye mfalme alipatikana, na dada yule alikuwa amesimama, mikono hewani, anatuamrisha wote, mhasibu akiwamo. Nilisisimka mwili mzima. Sikuwa nimejua kwamba ana sauti kubwa kiasi kile.

Mimi ninayeandika ndiye mtunza stoo. Jumatano nyingine nilikutana na jitu lililoziba daraja, na kwa mazoea nikalidai hati ya kupokelea mali. Meza nzima ilikufa kwa kicheko. Mama Dadu hakucheka. Alilifanya jitu lianze kujipapasa mifukoni kwa aibu, likitafuta karatasi, nasi tukapita taratibu. Hapo ndipo nilipomwelewa. Alitutaka tuje na akili zetu zilezile za kazini, kisha yeye ajipinde kuzitafutia nafasi.

Wageni aliwakalisha ubavuni mwake. Hakumlazimisha mtu kuigiza sauti. Saa kumi na moja kamili alifunga, hata kama joka limefungua mdomo, kwa kuwa kuna wenye watoto wa kuchukua. Droo ina kadi mia nne na kumi na mbili: wauguzi, washonaji wa jirani, wazee waliochoka kukaa nyumbani, na fundi bomba mmoja mwenye ndevu ambaye mpaka leo tunamwita malkia. Visa vya wote hao alivikumbuka bila kuandika popote. Nimekaa naye miaka kumi na miwili na bado sijui alifanyaje.

Barua ya kustaafu ilipokuja, uongozi ulisema asipopatikana msimulizi mwingine kufikia mwisho wa Mei, chumba cha magazeti tunamochezea kitawekwa mashine za kurudufu. Tulitazama viatu vyetu. Mama Dadu hakumbembeleza mtu. Asubuhi moja nilikuta dadu zake stoo kwangu, juu ya katoni la karatasi za chooni. Nikamrudishia. Kesho yake zilikuwa palepale. Mara ya tatu nikajikaza kisabuni, nikazitia mfukoni.

Jumatano ya mwisho ya Mei nilikaa kwenye kiti cha msimulizi, kijasho chembamba kikinitoka, Mkurugenzi amesimama mlangoni. Mama Dadu alikaa na wachezaji kwa mara ya kwanza maishani mwake. Niliwaingiza pangoni. Nilisahau jina la mji tulikotoka, nikaangusha dadu chini ya kabati. Hakunisaidia hata kwa kukohoa. Zamu yake ilipofika nilimweleza giza, maji yanayotiririka, taa moja iliyobaki mkononi mwake, na wenzake sita nyuma wakimsubiri. Nikamuuliza anafanya nini.

Kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, aliuliza kama inaruhusiwa kumpa mtu mwingine taa, ili yeye akae kidogo juu ya jiwe atazame.

Mfanyausafi alinyoosha mkono juu ya meza kuipokea. Hakuna aliyecheka. Mkurugenzi alivuta kiti, akaomba kadi, na chumba kimebaki chetu.

Mama Dadu, kwa niaba ya wafanyakazi wote na watu wote wa kwenye ile droo, asante sana. Tunakuombea afya, vicheko na siku ndefu zisizo na haraka. Siku ile taa ilipokelewa kabla sijakujibu, kwa hiyo nakujibu hapa mbele ya wote: ndiyo, mama yetu, inaruhusiwa.