Nani Anachoma Majani Yetu?

Ubao huu wa kukalia ni wangu. Nauweka mbele ya kibanda changu cha kuziba matairi, hapa Kenya, si ile nchi, ni mtaa wa Lubumbashi ambao haujui kunyamaza. Wenye matairi ni wachache, wenye maneno ndio wengi. Yupo Papa Alexis, mstaafu wa mgodi, tunayemwita Ingénieur, yaani mhandisi, ingawa kazi yake ilikuwa kufungua geti. Yupo Mwenya, dereva wa pikipiki, tunayemwita Radio, na hilo halihitaji maelezo. Joëlle anatuuzia kahawa. Mwaka huu ameongezeka Mama Régine, mwenye shamba njia ya Kipushi. Mwezi wa nane walikuja watu wa kilimo wakawafundisha wakulima wa kule: msichome shamba, acheni mabua na majani yalale juu ya udongo, yatunze maji, mpande kwenye vishimo. Régine alilishika somo kuliko wote, akapita shamba kwa shamba kuwafundisha wenzake, mpaka tukamwita Mama Majani. Sasa ni mwezi wa kumi, mvua bado, na wiki hii mashamba matatu yaliyoachiwa majani yameungua. Hakuna anayejua nani anawasha. Leo Régine alikaa nasi, kahawa ikampolea mkononi, na roho yangu haikutulia nilipomtazama.

— Ya Dorine nayo iliungua jana, alisema. Na kanyumba ya mbegu. Mbegu yote.

— Dorine ule mulikuwa naye ku mafunzo? nikauliza.

— Hakukuwa. Miye njo nilimufundisha. Alitaka kuchoma yeye mwenyewe, moto ya kidogo, na bantu ya kuchunga. Nikamuambia apana, acha majani. Leo asubui nilimusalimia, hakuitika.

— Mama, usijitese, alisema Ingénieur. Bakubwa balisema: asiyesikia la mukubwa huvunjika muguu.

— Lakini Dorine alisikia!

— Voilà. Alisikia, akavunjika. Methali inafanya kazi pande zote mbili.

Radio akasogea mbele.

— Miye nasema ni bantu ba makala, bale banachoma makaa mu pori. Cheche inaruka.

— Apana. Bale banafunika moto yabo na udongo, alisema Ingénieur. Ni chupa. Chupa ya bière inalala mu majani, jua inapita mule, pwaa! Moto.

— Chupa tatu, mashamba tatu, wiki moja?

— Bantu banakunywa sana.

Joëlle alicheka. Régine hakucheka.

— Basi nitabaambia kweli, Radio akashusha sauti. Ni ndege. Kuko ndege inakamata kijiti ya moto na makucha, inaenda kuiangusha fasi ingine. Client mumoja nilibeba ku pikipiki aliniambia.

— Client gani? nikauliza.

— Alikuwa na cravate ku shingo.

— Na ile ndege, nani anaituma? Ingénieur akasimama, jambo analolifanya akitaka kudanganya vizuri. Fikirini! Chini ya ile mashamba kuko cuivre, shaba yenyewe. Bantu banapita juu na drone, banapiga photo. Majani inabaziba macho. Donc banachoma.

— Drone inawasha moto? akauliza Joëlle.

— Drone inatuma ndege.

Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Régine akapiga ubao kwa kiganja.

— Munacheka! Miye sina shamba ingine. Mbolea ilisha kuingia mu bishimo yote. Majani ikiungua, mvua ya kwanza inakomba kila kintu mpaka ku muto. Na bale bengine nilifundisha, banangoya tu kuona yangu. Yangu ikiungua, mwaka kesho kila muntu atarudia kiberiti, na atakuwa na haki. Nilikuya hapa kuomba mikono, tulime njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba. Munanipa drone!

Tukaona haya. Radio akatazama viatu vyake.

— Kesho, mama, alisema Ingénieur kwa upole. Kesho asubui tutaenda sote. Haraka haraka haina baraka.

Hapo akafika mwanaume tusiyemjua, anasukuma baiskeli yenye tairi bapa. Kwenye usukani alikuwa ametundika panya wa porini waliokaushwa kwa moshi, wamechomekwa kwenye vijiti. Akasalimia vizuri, akajitaja kuwa Guelor, akaniomba nimzibie tairi. Ingénieur akasahau cuivre yote ya Katanga.

— Panya nene namna hii! Zinakula nini mwaka huu?

— Mwaka huu iko neema, papa, alisema Guelor. Njia ya Kipushi kuko mashamba benyewe baliacha majani juu. Panya yote inalala mule, mu baridi. Tunawasha ku pembeni, majani ikiisha, mashimo yote inaonekana. Tunachimba tu.

Régine akanyanyuka.

— Munawasha? aliuliza Régine taratibu.

— Ndiyo, mama. Tangu babu zetu. Kila mwaka benye mashamba beko nachoma bo benyewe, shiye tunaingia nyuma yabo. Mwaka huu balichelewa, tukabasaidia.

Kikombe kikamdondoka Régine.

— Ile yenye kanyumba ya bati nyekundu ku kona?

— Ile bado. Njo ya leo. Bandugu yangu beko kule, banangoya upepo itulie.

— Ni yangu ile! Bapigie simu!

— Kule hakuna réseau, mama.

Radio alikuwa ameshawasha pikipiki. Régine akaruka nyuma yake, kitambaa kimemtoka kichwani na hana habari. Guelor akaacha baiskeli na panya wake wote mikononi mwangu, akapanda nyuma ya Régine.

— Mama, sikujua, alisema. Haki ya Mungu sikujua. Mais ile siku mulikuwa munafundishana kuacha majani, ju ya nini hakuna hata mumoja alikuya kutuambia shiye?

Régine akageuka kumtazama. Kwenye mafunzo walikuwa wamemwita kila mwenye shamba; mwinda panya hata mmoja hakuitwa. Wakulima wengine walifundishwa mara mbili. Pikipiki ikaondoka, na mimi nikabaki nimeshika baiskeli ya watu, nimekasirika bila kujua nimkasirikie nani.

— Tungeenda naye palepale aliomba mikono, nilisema.

Joëlle alitikisa thermos, haikuwa na kitu. Kisha akapanda juu ya ubao, akaweka mkono juu ya macho.

— Papa Alexis, na weye ndugu yangu, muangalie kule upande wa Kipushi. Ile iko moshi, ao iko vumbi tu?

Tukapanda na sisi. Tulitazama mpaka machozi yakatutoka, na bado hatukuweza kutofautisha moshi na vumbi.