Mama Kura wa Malava na Kitambulisho cha Nanjala

Jioni njema, wasikilizaji wapendwa. Vuteni viti mkae. Na wewe uliye jikoni, punguza moto kidogo. Obusuma, ugali wetu, hautatoroka sufuriani. Huu ni wakati wetu wa kuwakumbuka wenzetu waliotangulia, na leo tunaye mtu.

Leo tunamkumbuka Christine Navalayo wa Malava, huko Kabras, kwenye mashamba ya miwa. Wengi hamkumjua kwa jina hilo. Lakini nikisema Mama Kura, najua kuna mtu ameshaweka kikombe chini. Ndiye huyo. Mama Kura ametutoka. Tulimzika jana nyumbani kwake, kando ya marehemu mumewe, Mukhwana.

Kazi yake ilikuwa nini? Hakuwa mwanasiasa. Aliombwa agombee hata uenyekiti wa akina mama kanisani, akakataa. Kazi yake ilikuwa sajili ya wapiga kura. Nasema tena: sajili ya wapiga kura. Alipita nyumba kwa nyumba kuhakikisha jina la aliye hai limo, na la aliyefariki limetoka. Na uchaguzi ukikaribia, aliwafunza watu wa kujitolea: waangalizi, mawakala wa vyama, wale wa kuelekeza wazee kwenye foleni. Mshahara wake ulikuwa chai, na mara nyingi chai hiyo aliipika mwenyewe.

Mafunzo yake yalikuwa sinema. Aliwakusanya watu kwenye uwanja wa kanisa na kuandaa uchaguzi wa mazoezi. Wagombea? Ingokho, yaani kuku wetu, na omena, wale dagaa wa ziwani. Wasikilizaji, mnaijua Kabras na kuku. Mtu angedhani hapo hakuna ushindani. Basi mwaka mmoja omena wakashinda.

Kukawa na kelele. Wakala wa ingokho siku hiyo alikuwa Osiako, mkata miwa, mtu mzima mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Osiako akakataa kutia saini. Akasema kura zimeibwa. Akasema hakuna Mluhya aliyezaliwa na mama anayeweza kumpigia omena kura akiwa na akili timamu.

Mama Kura hakubishana naye. Alikuwa na sheria yake moja, na hakuitoa kitabuni: kwake, matokeo yanasomwa na aliyeshindwa. Wakala wa aliyeshindwa anasimama, anasoma kwa sauti, watu wote wanasikia. Akamkabidhi Osiako karatasi. Osiako akaiangalia kama mtu aliyepewa barua ya talaka. Akasoma. Alipomaliza, akaongeza lake: "Ingokho imeanguka. Lakini imeangushwa na nani, jameni!" Uwanja mzima ukacheka, na Osiako naye akacheka.

Bintiye, Tracy, alinieleza maana ya sheria ile. "Mama alikuwa anasemanga, mtu akisoma kushindwa kwake na mdomo wake mwenyewe, hawezi kwenda kuchoma nyumba ya jirani."

Sasa mwangalieni tena Osiako, maana bado namhitaji. Angalieni mikono yake. Mtu aliyekata miwa tangu ujana ana vidole laini kama sabuni iliyobaki kipande. Panga, majani ya miwa na masizi vimekula alama zote. Siku ya kura kuna mashine ya kutambua vidole. Vidole vya wakata miwa vikiwekwa pale, mashine inakataa. Mtu amesimama foleni tangu alfajiri, mashine inamwambia hakuna mtu kama wewe.

Mama Kura aliwafunza wakata miwa wapake mikono mafuta jioni na kuifuta vizuri asubuhi. Aliwafunza waangalizi waombe vidole vingine vijaribiwe. Na mashine ikikataa kabisa, jina litafutwe kwa namba ya kitambulisho, mawakala wa vyama wote wakiangalia, wakubali, watie saini. Alilirudia hilo mpaka watu wakawa wanamalizia sentensi kabla yake: "Mashine ikimkataa mtu, wewe usimkatae."

Lakini alijua tatizo liko wapi. Wakala atatia saini tu kama anaiamini sajili. Na sajili yenye majina ya wafu nani ataiamini? Jina la marehemu likibaki humo, kila mtu anamshuku jirani yake kwamba atalitumia. Wakishukiana, anayerudishwa nyumbani bila kupiga kura ni Osiako.

Hapo ndipo kazi ya Mama Kura ilipogonga mlango wa nyumba ya mama yake mzazi.

Mama yake aliitwa Nanjala, na vijana walimwita kukhu, yaani nyanya. Nanjala alifariki miaka michache kabla ya uchaguzi wa elfu mbili ishirini na mbili. Haukupita muda mrefu, kaka yake Christine, Jairus Wangila, akapata mtoto wa kike. Mtoto huyo alilia. Alilia mchana, akalia usiku, akakataa ziwa. Akina mama wakaanza kumtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, kama desturi yetu ilivyo. Walipomtaja Nanjala, mtoto akanyamaza, akanyonya. Mnajua wenyewe maana yake. Mama amerudi.

Basi Jairus akachukua kitambulisho, au kipande kama tunavyokiita, cha marehemu mama yake, kile ambacho familia ilikuwa imesema kwa chifu kwamba kimepotea, akakifunga katika kitambaa na kukiweka sandukuni. Kitakuwa cha mtoto akikua. Na kwa kuwa hakikurudishwa, jina la Nanjala likabaki katika sajili ya wapiga kura, ilhali mwenyewe yuko kaburini.

Usicheke, msikilizaji. Hapo ulipo, sanduku lako lina nini?

Miezi michache kabla ya uchaguzi, Mama Kura alikuwa uwanjani akiwahimiza watu wapeleke taarifa za marehemu wao. Akasimama Sylvia, muuza maandazi pale sokoni. Sylvia hakuwa na ubaya. Aliuliza tu.

"Mama Kura, mimi nilipeleka kipande ya mzee wangu kwa chifu. Nililia njia yote. Sasa kukhu Nanjala, mimi nilipika kwa hiyo matanga yake. Mbona jina yake bado iko?"

Christine akamwambia, "Umeuliza vizuri, dada yangu. Nimesikia." Akafunga mkutano mapema.

Tracy anakumbuka jioni ile. "Mama alikaa na chakula mpaka ikapoa. Akaniambia, 'Tracy, mimi nilikuwa najua. Sikusahau. Nilikuwa napenda kuona jina yake pale.'"

Mnasikia, wasikilizaji? Alijua. Na yeye alikuwa binti wa mtu, alikuwa akimkosa mama yake.

Kesho yake akaenda kwa Jairus. Wawili hawa walikuwa chanda na pete. Walizaliwa wakifuatana, wakabebwa mgongo mmoja. Alimkuta akinoa jembe, mtoto akicheza karibu. Mke wa Jairus alikuwepo, na yeye ndiye aliyenisimulia walichosema.

Christine alisema, "Ndugu yangu, nimekuja kwa sababu ya kipande ya mama."

"Kipande iko mahali iko."

"Wacha tuipeleke. Mimi na wewe."

Jairus akaweka jembe chini. "Unataka kuua mama mara ya pili?"

"Siku ya kura mashine itakataa vidole ya Osiako. Wale mawakala wataulizwa kama wanaamini rejista. Watasema nini, na mama yetu ako ndani?"

"Osiako ni nani kwa mama?"

"Ni mtu ako hai."

"Mama pia ako. Si huyu hapa? Anakuitanga senge kila siku."

Christine akamtazama mtoto huyo aliyemwita senge, yaani shangazi. Machozi yakamlengalenga. Akasema, "Huyu ni Nanjala, na nampenda. Huyu atachukua yake mwenyewe akikua, na picha yake mwenyewe."

Jairus akaingia ndani, akafungua sanduku, akatoka na kile kitambaa. Hakumpa mkononi. Alikitupa miguuni pake. "Chukua. Lakini ukitoka kwa hii boma na hiyo kitu, usiniite ndugu yako."

Christine aliinama, akakiokota, akapangusa vumbi. Akatoka. Akaenda peke yake kwa naibu wa chifu, akatoa kitambulisho, akatoa taarifa, na mama yake akaondolewa katika sajili.

Siku ya kura ikafika. Osiako alipanga foleni amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa amepaka mafuta, amefuta, kama alivyofunzwa. Akaweka kidole. Mashine ikakataa. Kingine. Ikakataa. Mkono wa pili, vilevile. Nyuma watu wakaanza kunung'unika. Wakala mmoja akasema huyu arudi nyumbani, hatuwezi kujua kama ni yeye.

Kati ya mawakala wale alikuwepo Sylvia, yule yule wa maandazi, akiwakilisha chama ambacho Osiako hakukipenda hata kidogo, na Sylvia alilijua hilo. Sylvia akasema, "Tafuteni jina yake na namba. Kama Mama Kura alitoa mama yake mwenyewe kwa hii rejista, mimi naiamini." Akawa wa kwanza kutia saini. Wengine wakamfuata.

Osiako akapiga kura. Alipotoka aliinua kidole chenye wino akasema, "Hata omena ikishinda tena, leo nimehesabiwa." Na si yeye pekee. Wakata miwa wengi walipita kwenye meza ile siku hiyo kwa njia hiyo hiyo. Waliingia, wakatoka na wino.

Nyumbani, hata hivyo, mambo hayakutengenea. Jairus alishika neno lake. Walipokutana njiani alimsalimu dada yake kama anavyosalimiwa mpita njia. Kila Krismasi Christine alichinja jogoo, akaweka kando imondo, ile firigisi ambayo kwetu ni ya mwanamume wa heshima, akaifunika kwa sahani, akampelekea kaka yake. Kila Krismasi sahani ikarudi kama ilivyokwenda. Mnajua uzito wa jambo hilo. Ndugu akikataa imondo ya dada yake, hapo hakuna haja ya matusi.

Christine hakuacha kupeleka. Wala hakuacha kazi. Watu wakifiwa, alikwenda matangani, akakata kuni, akaosha vyombo, akasubiri. Wiki kadhaa baadaye ndipo angerudi na kuuliza taratibu, "Kipande yake mmeshapeleka?" Na watu walimpa jibu la kweli, maana walijua ile njia yeye mwenyewe aliipita.

Wiki mbili zilizopita, presha ilimpanda asubuhi akiwa nyumbani. Hakufika hospitalini. Hivyo ndivyo Mama Kura alivyoondoka.

Jairus alifika kabla ya majirani. Hakuketi na wanaume nje. Aliingia ndani, akasimama mbele ya Tracy na kumwuliza, "Kipande ya mama yako iko wapi?"

Tracy aliniambia hivi: "Niliogopa. Nilidhani anataka kuificha, kama ile ya kukhu. Nikasema sijui. Akaniambia, 'Tafuta, mtoto wangu. Nitangoja.'"

Tracy akampa. Jairus akakitia mfukoni mwa shati na kutoka. Bodaboda walisimama kumbeba, akawapungia mkono wapite. Alikwenda kwa miguu mpaka kwa naibu wa chifu. Jana, baada ya mazishi, nilimwomba aniambie yaliyompata huko. Haya ndiyo maneno yake, nayasoma kama alivyoyasema:

"Nilifika kwa ule mlango, mguu ikakataa. Hii miaka yote nilikuwa nasema dada yangu ako na roho ngumu. Kumbe alisimama hapo hapo, ameshika mama kwa mkono. Hakuwa na mtu. Mimi ndugu yake nilikuwa kwangu, nimekasirika. Nimeingia, nimeandikisha kifo yake mwenyewe, sikutaka mtu mwingine amwandikishe. Lakini ile siku ya mama, ningeenda na yeye. Hiyo tu ndiyo inaniuma. Ningeenda na yeye."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa Tracy na nduguze. Pole kwa Jairus Wangila na nyumba yake yote, pamoja na Nanjala mdogo aliyempoteza senge wake. Pole kwa waangalizi na mawakala waliopita mikononi mwake, na kwa wakata miwa wa Kabras. Mungu awatie nguvu. Mmeondokewa na mtu aliyewahesabu mmoja mmoja.

Uchaguzi unakuja tena, na Mama Kura hatapita kwako kuuliza. Mimi ndiye nauliza leo, kwa sauti hii ya redio. Yule mpendwa wako uliyemzika, kitambulisho chake bado unacho? Najua kwa nini unacho. Sikulaumu. Kitoe leo ukitazame, umlilie, umlilie vizuri. Kisha mwite ndugu yako, hata yule mliyekosana, mkipeleke pamoja.

Usiende peke yako.