Mama Watiri Kihara, Aliyeombewa Biashara Yake Ipungue

Bwana asifiwe. Mimi ni Nduta, mjukuu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya nyanya yetu, Mama Tabitha Watiri Kihara. Nitajaribu nisilie, lakini siahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1946 huko Kianyaga, binti wa pili wa mkulima wa kahawa. Alisoma hadi darasa la nane, akamaliza mwaka wa 1962. Tarehe 6 Agosti 1966 alifunga ndoa na marehemu babu Kihara, akaletwa hapa Kangari, wakafungua duka la chumba kimoja: chumvi, mafuta taa na sukari ya kupimwa.

Mwaka wa 1969 aliokoka katika ushirika wa ndugu wa uamsho, na hapo ndipo maajabu yalipoanza. Siku hiyo hiyo aliitoa tumbaku dukani. Akatangaza kwamba bei ni moja, kwa mzee na kwa mtoto, hapunguzi wala hapandishi. Majirani walicheka: "Huyu atafunga kabla ya Krismasi." Thubutu! Akina mama wachuma majani chai waligundua kwamba wangeweza kumtuma hata mtoto mdogo na asipunjwe, na duka likajaa watoto wenye vikapu. Tena, kwa kuwa wokovu ulimkataza hereni, dansi na makuu yote, faida haikuwa na mahali pa kwenda ila kurudi dukani. Likawa duka la jumla, kisha akanunua lori, mwisho akajenga hilo jengo la ghorofa mnaloliona kutoka hapa. Yeye mwenyewe aliendelea kushona kiraka kwenye sweta yake. Nimesomea uchumi chuo kikuu, na bado jambo hilo linanishangaza ajabu.

Yeye lilimtisha. Ndugu wa uamsho huleta mambo yao nuruni, mbele ya wote, na Jumatano moja mwaka wa 1983 nyanya alisimama akasema, "Ndugu zangu, hii biashara inakula roho yangu. Niombeeni ipungue." Mzee Mathenge, ambaye tuko naye hapa, aliongoza maombi hayo kwa machozi. Wakamshauri afunge duka Jumatano mchana pia, si Jumapili peke yake. Akafunga. Watu wakawa wananunua vya siku mbili Jumanne, na mwezi wa bonasi ya majani chai, wakulima wakilipwa malipo yao ya mwaka, foleni ikafika barabarani! Mzee Mathenge akamwambia, "Dada, sisi tumeomba. Ni Mungu ndiye amekataa." Babu alicheka wiki nzima. Nyanya hakucheka. "Niliikimbia hii dunia," alituambia mara nyingi, "na kila nikigeuka iko nyuma yangu, imebeba magunia."

Mwaka wa 2024 alipatikana na ugonjwa wa moyo, na tarehe 3 Mei 2025 akalazwa Nyeri. Kufa hakukuogopa. Aliogopa ataulizwa alimtumikia nani. "Ni Mungu ama ni duka? Nduta, si wewe umesoma? Niambie." Karo yangu ilitoka kwenye duka hilo, sasa ningetoa ushahidi gani?

Ijumaa tarehe 9 Mei, alasiri, alituambia tufumbe macho. Aliomba vizuri, akitaja kila mjukuu kwa jina, kisha akaikatiza sala. Akamgeukia mjomba Mwai. "Sukari imefika?" Mjomba akajibu kwamba imefika. Machozi yakamtoka nyanya. "Mmeona? Hata hapa. Wacha nianze upya." Akaanza tena kutoka mwanzo, polepole, na safari hii hakutaja kitu kingine chochote ila jina la Bwana. Hakufika amina.

Ameacha watoto wawili, mjomba Mwai na mama yangu Nyawira, wajukuu saba, vitukuu wawili, na ushirika wote wa Kangari.

Pumzika sasa, nyanya. Nawaomba wote tusimame, tuimalize sala yake.

Amina.