Foleni Isiyofika Dirishani

"Kwani zamu ya nani?"

Swali lilitoka nyuma yetu. Nilikuwa nimesimama kwenye kijiwe cha fundi viatu, mkabala na geti la chuo, kidole hewani, natetea hoja. Lakini ngoja nianzie walipoanza kunionea. Mimi ndiye kiongozi wa timu. Hapa kijiweni wananiita Spika, jina ambalo kwa muda mrefu nililidhani sifa. Mchezo tuliobuni unaitwa Foleni: unarusha dadu, unasogeza kifungo chako cha shati juu ya ubao, wa kwanza kufika dirisha la huduma, mwisho wa ubao, kashinda. Mhadhiri alikuwa akiutaka mchana ule, kama kazi ya kundi. Na Mchoraji, aliyeuchora ubao kwa mkono wake juu ya karatasi kubwa, alikuwa ameshaapa: usipochezwa leo hadi mwisho, walau mara moja tu, anabeba ubao wake na kuhamia kundi jingine.

— Spika, umetua kwenye kituo cha "Njoo Kesho". Rudi mkiani, alisema Mchoraji.

— Naomba mwongozo, nikasema, kama wabunge bungeni.

— Kaanza!

— Kanuni inasema mchezaji arudi. Je, mimi ni mchezaji, au ni kiongozi?

— Wewe ni balaa.

Kikokotoo, mpiga hesabu wetu, akaipima dadu kiganjani.

— Mnamwonea bure. Kosa ni la dadu. Ina upande mzito.

— Dadu haina kosa, mwanangu, alisema fundi, sindano mdomoni, akijimiminia kahawa. Kosa ni hili benchi. Foleni gani watu wamekaa? Chezeni mmesimama, tena mguu mmoja, tuone nani atapata pumzi ya kuomba mwongozo.

— Haswa! Na wa nyuma aruhusiwe kumsukuma wa mbele, Kikokotoo akadakia.

— Kikombe cha mwisho kikinyweka, dirisha lifungwe, wote mkalale! fundi akamalizia.

— Sasa hapo mshindi nani, fundi?

— Mwenye dirisha!

Wallahi niliiona hoja nzito.

— Basi naongeza kanuni hizo, nikasema. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeshafurika, Spika! Mchoraji akafoka. Kila ukikaribia kushindwa, kanuni inazaliwa.

— Mwacheni, fundi akanitetea. Mwenda pole hajikwai.

— Huyu haendi kabisa, fundi! Ni dikteta!

Nikapanda juu ya benchi. Mimi, dikteta?

— Kila kanuni tuliipigia kura!

— Nani alipiga?

— Mimi. Ninyi mlinyamaza, na kimya ni ridhaa.

— Kimya kile kilikuwa njaa, dada yangu. Ulihutubia tangu asubuhi.

Jamani, mimi nimewabwaga kwenye midahalo wasemaji wa vyuo vizima, wengine wamevaa tai. Na siku ile nilikuwa nimepanda benchi la fundi viatu kutetea kifungo cha shati. Bado nilikuwa na hoja mbili mkononi nilipomwona Mchoraji anaanza kuukunja ubao, kimyakimya, pembe kwa pembe.

Hapo ndipo dada mmoja, aliyekuja kufuata sandali yake, mguu mmoja peku, alipochungulia ubao kutoka nyuma yangu na kuuliza zamu ya nani.

Kikokotoo akaitazama dadu. Mchoraji akamtazama Kikokotoo. Fundi akalitikisa birika; tupu. Nikafungua mdomo, mimi mwenye jibu la kila kitu, nikatafuta hata uongo. Sikuupata. Tangu tuubuni mchezo huu, sikumbuki zamu iliyowahi kunitoka mkononi ikamfikia mwenzangu.

Nikashuka. Nikakichukua kifungo changu, nikakirudisha mkiani, bila mwongozo. Mkono wa Mchoraji ukasita kwenye pembe ya ubao. Hakuukunja zaidi, hakuukunjua.

— Dada, nikasema, sandali yako bado kidogo. Kaa hapa kwangu, ushike dadu, utuanzishie.