Flashi ya Waziri

Benchi la nje ya studio lilikuwa limejaa tangu asubuhi, na Tabasamu, mpigapicha mwenye studio hiyo, alikuwa ameshachoka na wote waliolikalia. Jina hilo alipewa kwa sababu hamwachi mteja mpaka acheke, ila leo mwenyewe alikuwa amenuna. Diski ya ndani ya kompyuta yake ilikufa juzi. Ameweka mpya, nayo ni tupu. Bahati yake, alikuwa ameshanakili kompyuta nzima, mfumo na mafaili yote, kwenye diski ya nje. Humo tu ndimo zilimobaki picha za harusi, na bibi harusi anazifuata leo. Ilibaki kutengeneza flashi ya kuwashia kompyuta ili nakala irudishwe. Ni kazi ndogo, mtu akiachwa aifanye. Akaweka laptop ya shemeji yake magotini, akaomba flashi. Hapo ndipo alipojitakia.

— Flashi ninayo, alisema Waziri, dalali wa nyumba asiyekubali kupitwa na jambo. Lakini nieleweshe kwanza. Kompyuta imekufa, kijiti hiki kitaifufuaje?

— Haijafa, mzee wangu. Haina cha kuwakia. Nipe.

— Sasa hiyo si ndiyo kufa?

— Waziri, usichokijua kiache, alidakia Profesa, kinyozi wa mlango wa pili, kahawa mkononi. Kompyuta haipokei kitu cha mtu baki. Mwili si unakataa figo ya mwingine? Chomeka kwanza diski yenye nakala, ikae na hiyo laptop, vizoeane.

— Haina haja, Profesa. Diski inakuja mwisho.

— Nimesoma mimi au umesoma wewe?

Tabasamu alishusha pumzi, akaichomeka diski ili mtu anyamaze. Profesa akaipakata ile diski mapajani, ameridhika.

— Haya, flashi.

— Hii hapa, alisema Waziri, akaiinua juu. Yaliyomo nimeshayahamisha yote. Ila mbona ndogo? Kompyuta nzima itaeneaje humu?

— Haiingii nzima. Inaingia ya kuwashia tu.

— Mimi vitu hivi siviamini. Jirani yangu alichomeka kimoja, simu yake ikaanza kumpigia mama mkwe yenyewe.

— Huyo aliikalia simu, alisema Profesa. Tatizo la flashi ni joto. Ikipata joto halafu irudishe picha, watu wanatoka wamenenepa.

— Wakinenepa watakuwa wamekula, alisema Tabasamu. Niacheni nifanye kazi.

Programu ikamuuliza itumie kifaa kipi. Kilionekana kimoja tu. Akakichagua bila kusoma jina, maana Waziri alikuwa akimvuta bega ammalizie habari za mama mkwe.

— Inasema itafuta vyote. Umehamisha kweli?

— Vyote. Futa.

— Futa, bwana, umetuchosha, alisema Profesa.

Akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kujaa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi benchi likatulia. Bibi harusi akafika akiwa na mfuko wa kubebea albamu.

— Hamjambo? Kaka, nimefuata picha zangu.

— Umekuja wakati wake, dada. Namalizia flashi ya huyu mzee, kisha nazirudisha zote.

Dada akamtazama Waziri, aliyekuwa akijikuna shingo kwa flashi.

— Si hiyo aliyoishika?

Waziri akashusha mkono.

— Sasa inayofutwa hapo ni ipi? aliuliza bibi harusi.

Tabasamu aliufuata waya kwa macho, kutoka kwenye laptop mpaka mapajani mwa Profesa. Profesa akaitoa diski mapajani taratibu, akaiweka kwenye benchi, akajisogeza pembeni.

— Mimi nilisema ikae tu, alisema.

— Kaka, nimekuuliza, alisema bibi harusi.