Vidonge vya Unga vya Daktari wa Mbwa

Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, Daktari wetu anastaafu baada ya kuitumikia kliniki hii ya mifugo kwa miaka thelathini na mmoja. Wengi tunamwita Mama Choo, na jina hilo amejitafutia mwenyewe: hajawahi kumsalimu mwenye mbwa bila kuuliza rangi ya choo cha mbwa huyo. Kwenye harusi ya mhasibu alimuuliza baba mkwe wakiwa foleni ya chakula, na waliokuwa nyuma yao wakaahirisha kula.

Alianza kama msaidizi wa maabara, akapanda hadi kuwa mkuu wa tiba ya matumbo. Ndiye aliyetuletea kamera ya kuchungulia tumbo la mbwa. Ndiye pia aliyetukataza kunywa chai mbele ya mgonjwa aliyezuiwa kula, kwa hiyo chai tunainywea stoo, kama wezi.

Lakini kazi tutakayowasimulia wajukuu ni ya mbwa wa mlinzi wetu. Mlinzi ni mgane, na mbwa yule ndiye familia yake yote. Kila kitu wanagawana nusu kwa nusu. Mwaka juzi mbwa alikataa chakula, akatapika damu, fizi zikawa nyeupe. Mlinzi akaja amembeba mgongoni, akisema mbwa akifa na yeye asitafutwe.

Daktari akauliza swali lake. Choo kilikuwa cheusi kama lami. Hapo akaacha kumtazama mbwa, akamtazama mlinzi anavyochechemea. Kumbe hata vidonge vya maumivu ya goti mzee wa watu aligawa, maana mbwa naye husimama getini! Dawa hizo huchoma tumbo la mbwa, na kamera ilionyesha kidonda kilichokaribia kutoboka.

Tiba ilijulikana: vidonge vya goti vikome, dawa ya kupunguza asidi, dawa ya kufunika kidonda kabla ya kula, na uji mwepesi kidogo kidogo. Tatizo, mbwa hakumeza kitu mpaka amwone mlinzi amemeza kwanza. Daktari akafinyanga vidonge vya unga, akamwambia mlinzi ni dawa mpya ya goti. Mlinzi akameza unga, mbwa akameza dawa. Wiki ya pili mbwa alilamba bakuli mpaka likapinduka. Mlinzi akalia, nasi tukalia, mhasibu akasingizia mafua.

Ajabu, goti nalo likapona. Mlinzi anaapa kwa vidonge vile, na vya hospitali hataki hata kuviona. Hakuna anayethubutu kumwambia ukweli, maana akivirudia vile vya zamani, atagawa. Daktari ametufundisha sote kufinyanga, hata mkurugenzi, ingawa vyake bado vina pembe.

Kwa hiyo nakala ya jarida hili inayokwenda getini tumeikata kwa mkasi. Akiuliza, ni panya. Heri jarida lenye tundu kuliko mbwa mwenye tundu tumboni.

Asante sana, Mama Choo. Tunakuombea afya njema na mapumziko marefu. Lala usingizi: unga upo.